Niliandika nimetengeneza carbon nanotubes na masizi ya sufuria, nikaokolewa na waya ya kuku

Wakuu, niaje. Wakubwa nawaheshimu, wadogo rudini mkafanye homework.

Story hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nilikuwa nataka kuongeza, lakini mkifika mwisho mtaelewa kwa nini siku hizi naogopa.

Mimi niko Form Three, day school moja upande wa Lanet. Ndiye yule jamaa wa desk ya nyuma ambaye mwalimu akiuliza "nani amecheka" darasa lote linageuka bila hata kuambiwa.

Shule yetu iko na science club. Club iko na room. Na hiyo room ndiyo ilileta haya yote.

Zamani ilikuwa store ya mahindi na maharagwe. Madam Kosgei, mwalimu wetu wa chem, aliiomba miaka miwili iliyopita, akaosha, akaweka meza na beaker tatu, moja imepasuka. Sisi tukahamia. Maharagwe yakahamia corridor ya staffroom.

Sasa term hii prinsi, yaani mkuu wa shule, amechoka kuruka magunia akienda ofisini. Akamwambia Madam mbele yetu: club ilete project ya kueleweka kwa science congress, yale mashindano ya sayansi ya shule, la sivyo store inarudi kuwa store.

Club ni watu saba. Sita walikuwa wanaogopa. Mimi nilikuwa nataka tu ile safari, kwa sababu kwa congress kuna lunch ya chapati na wasichana wa shule zingine.

Kwa hivyo Madam alipotoa fomu moja ya project, nikainyakua.

Usiku uliopita nilikuwa nimeona video kwa simu ya mathe kuhusu carbon nanotubes. Niliiona kwa speed ya mbili, so nilielewa nusu. Hiyo nusu ikanitosha. Fomu ilikuwa ya English lakini kwa lugha yetu niliandika hivi: NIMETENGENEZA CARBON NANOTUBES KWA MASIZI YA SUFURIA.

Ilikuwa jokes, wakuu. Nilidhani Madam atacheka, anigonge na fomu kwa kichwa, tuendelee.

Madam hakucheka. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama niko na sample.

Nikasema ninayo.

Kesho yake nikaleta kopo ya margarine imejaa masizi ya sufuria ya githeri. Akaifungua pole pole kama mtu anafungua barua ya shule. Nilitaka kusema ukweli hapo hapo, lakini alikuwa anatabasamu, na Madam Kosgei kutabasamu ni kitu tunaona labda mara moja kwa term.

Fomu ikaenda.

Ngoja niwaeleze hiki kitu ni nini, ndio muone nilijiingiza wapi.

Chukua carbon, ile ile ya makaa na penseli. Ipange iwe karatasi nyembamba sana, unene wake atom moja tu, atom zimeshikana kwa pembe sita, pembe sita, kama waya ya kuku. Sasa kunja hiyo karatasi iwe bomba. Hiyo ndiyo nanotube. Unywele wako mmoja ukilazwa kando yake unakaa kama tenki ya maji kando ya mrija wa soda, na hapo nimepunguza sana.

Kwa nini watu wanaisumbukia? Simu unayosomea huu uzi iko na swichi ndogo ndogo nyingi mno, za silicon. Kila mwaka zinafanywa ndogo zaidi, na zikifika udogo fulani zinaanza kuvuja stima na kupata moto. Kwa hivyo wataalamu wanasema, badala ya silicon, acha stima ipite kwa nanotube. Ni nyembamba kuliko chochote unaweza kuchonga, na stima inapita ndani yake kama barabara haina bumps.

Mimi nilikuwa nimeandika nimetengeneza hiyo kitu. Jikoni. Lanet.

Monday, parade. Prinsi akatangaza. Shule nzima. Akasema kuna kijana wetu amefanya nanotechnology na sufuria ya mamake, na project hii ndiyo itaamua mambo ya ile store. Watu wakapiga makofi. Kutoka hapo jina langu likawa Prof Masizi. Hata cook alianza kuniita hivyo, na akaniongezea maharagwe, kitu hajawahi.

Nilipofika nyumbani mathe alikuwa ameshapata habari kwa group ya WhatsApp ya wazazi.

Akaniuliza, "Hizo tube ni za gari gani?"

Nikamwambia si za gari, ni ndogo.

"Za baiskeli?"

"Ndogo zaidi, mathe."

"Ndogo kuliko ya baiskeli basi ni ya wheelbarrow," akasema, na akaenda kupigia Baba Shiro.

Baba Shiro ni fundi wa puncture pale stage. Ana shemeji yake anaziba matairi ya malori Mai Mahiu. Kumbe mathe alimwambia mtoto wake anahitaji tube za carbon kwa mtihani wa kitaifa. Usicheke bado.

Hiyo usiku nikakaa chini nisome kwa ukweli, speed ya kawaida. Na nikagundua mambo mawili.

La kwanza, masizi ya kawaida mengi ni carbon imekaa ovyo, haina mpango. Huenda kuna nanotube imejificha humo, huenda hakuna. Kuiona unahitaji microscope ya electron, na sisi tuna beaker tatu, moja imepasuka.

La pili, Madam hakuwa na njia ya kujua nadanganya. Aliniamini tu.

Hiyo ya pili ndiyo iliniuma. Niliona wazi judge mmoja akiuliza swali moja, mimi nikikosa jibu, Madam akisimama pale na bag yake, na magunia yakirudi kwa store.

Tuesday baada ya lunch nikaenda kwa hiyo room. Madam alikuwa anafuta meza. Nikamwambia yote. Video, jokes, githeri.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejisikia afadhali.

Akauliza, "Uliandika hivyo ili ucheke nani?"

Nilijua ni yeye.

Akakaa. Akasema fomu imeshaenda na hawezi kuirudisha. Prinsi ametangaza na hawezi kumtangazua. Lakini poster ya kubandika congress, yenye kichwa kile kile cha fomu, bado iko mikononi mwetu. Akanipa marker nyeusi.

"Ijumaa utasimama pale congress na kitu cha ukweli. Hata kama ni kidogo kama hiyo tube yako."

Nikachukua poster. Nikapiga mstari juu ya NIMETENGENEZA. Juu yake nikaandika KWA NINI SIJATENGENEZA. Mstari niliuacha uonekane. Madam akaangalia, akarudi kufuta meza.

Sasa wakuu, mimi nikiamua kitu naamua. Shida yangu ni kwamba kawaida naamua ujinga.

Wednesday nilihitaji model. Karatasi haikubali pembe sita. Nikazunguka boma nikitafuta, na macho yangu yakatua kwa nyumba ya kuku ya mathe. Waya ya kuku. Pembe sita, pembe sita.

Nikakata upande mmoja wote na pliers.

Najua. Lakini nilikuwa na siku mbili.

Nikaanza kukunja. Inakataa. Nikikutanisha huku, kule kunaachana. Niko hapo nimechanjwa mikono yote, Baba Shiro akaingia kwa gate na gunia begani. Akaliweka chini. Tube za lori. Nyeusi, kubwa, zimezibwa zikazibika, zimetoka Mai Mahiu.

"Mamako alisema unafanya mtihani na hizi," akasema. "Nimekuchagulia zenye afya."

Wakuu, mngefanya nini? Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nikamweleza kidogo, kwamba hata hiyo mpira ni nyeusi kwa sababu imechanganywa na carbon, ila carbon yenyewe ni unga haujapangwa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anasikia habari za jirani alizokuwa anashuku.

Kisha akaangalia kazi yangu.

"Umekunja kombo."

Nikamwambia najaribu kunyoosha.

"Hapana, angalia," akasema. Akaishika, akaikunja wima, macho ya waya yakakaa kwa mviringo safi, moja juu ya nyingine. Akaifungua, akaikunja kombo, macho yakapanda yakizunguka kama ngazi. "Waya ni ile ile. Lakini hizi ni bomba mbili tofauti. Wewe unataka gani?"

Nikaacha pliers zikaanguka.

Kwa sababu hiyo ndiyo ile nusu ya video sikuelewa. Nanotube zote ni carbon ile ile, waya ile ile ya kuku. Kitu kinaamua tabia yake ni umekunja kombo kiasi gani. Kunja hivi, stima inapita tu wakati wote, kama waya ya kawaida. Kunja kombo kidogo hivi, inakuwa kitu unaweza kuwasha na kuzima, yaani swichi. Ongeza kombo kidogo tena, inaweza kurudi kuwa waya. Na hawa wataalamu wakizitengeneza zinatoka zimechanganyika, hakuna mtu anazikunja moja moja na mikono kama Baba Shiro.

Tukatengeneza bomba mbili, moja wima na moja kombo. Tukazifunga na kamba za mpira kutoka kwa ile tube ya lori. Kwa hivyo mathe asiseme gunia lilipotea bure.

Mathe alirudi jioni. Kuku kumi na moja walikuwa barabarani, mmoja kwa duka la jirani juu ya mkate. Sitasimulia hiyo sehemu. Nitasema tu kuku walihamishiwa jikoni, na mimi pamoja nao, maana nilipewa kazi ya kuwachunga.

Ijumaa tukaenda congress, shule moja ya pale town. Kulikuwa na project za maana: mtu ametengeneza incubator, mtu amesafisha maji ya ziwa. Sisi na waya.

Judge wetu alikuwa mzee mmoja wa shati ya kitenge, kalamu mbili mfukoni. Akasoma poster. Akasoma ile sehemu nimefuta. Akaangalia fomu mkononi mwake.

"Hapa kwa fomu umesema umetengeneza."

Madam alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Prinsi pia alikuwa amekuja, sijui kwa nini, labda alifuata chapati.

Nikasema, "Nilidanganya, sir. Masizi ni ya githeri. Sina njia ya kuona kilichomo, kwa hivyo siwezi kusema nimetengeneza kitu. Lakini naweza kukuonyesha kwa nini ni ngumu."

Prinsi akakohoa.

Judge akasema niendelee. Nikaanza na English yangu safi, nimeikariri na kuku wakinisikiliza. Nikafika mahali pa kusema lile neno la kukunja kombo. Chirality. Nimelitaja usiku mzima. Likanitoka kichwani. Likaenda kabisa.

Nikasimama pale nimeshika waya. Nikasema, "Sir, inategemea... inategemea ni kombo kiasi gani."

Akainua macho. "Kombo?"

"Kombo, sir."

Akaandika kitu. "Malizia na Kiswahili."

Sasa hapo ndio nilianza kuongea. Nikamkunjia wima, nikamkunjia kombo. Akauliza swali moja tu: zikichanganyika, kuna ubaya gani? Kama nyingi ni nzuri, hiyo moja mbaya itafanya nini?

Hilo swali halikuwa kwa video. Lakini jibu lilikuwa nyumbani, jikoni, linanyea viatu vyangu.

Nikamwambia, "Sir, mimi nilikata upande mmoja wa nyumba ya kuku nitengeneze hii. Mlango niliuacha umefungwa, na kufuli. Kuku wote walitoka. Swichi ni mlango. Ile tube moja ya kupitisha stima wakati wote ni pale nimekata. Unaweza kuzima swichi mpaka uchoke, stima inapitia pale."

Mzee akacheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Madam pia alicheka. Nilikisikia kicheko chake nyuma yangu, na sikugeuka, niliogopa kitaisha.

Hatukushinda. Tulikuwa namba sita kati ya tisa. Tulikatwa marks kwa kubadilisha project, na hiyo ni haki kabisa. Incubator ndiyo ilienda mbele.

Judge alirudi kuomba zile waya mbili aonyeshe wanafunzi wake. Nikamwambia pole sir, mathe anazingojea, kuku hawana ukuta.

Ndani ya bus ya shule prinsi alikaa mbele na Madam mpaka karibu na gate. Halafu akamwambia Madam, bila kuniangalia, kwamba maharagwe hayahitaji room yote. Nusu inatosha.

Kwa hivyo saa hii nawaandikia nimekaa juu ya gunia. Club iko upande wa dirisha, maharagwe upande wa mlango. Poster iko ukutani na ule mstari wake. Nyumba ya kuku imeshonwa na kamba za mpira za lori, na mathe anasema iko strong kuliko kwanza.

Nilichojifunza: nikidanganya mtu wa kunishuku, ni mchezo. Nikidanganya mtu ameniamini, yeye ndiye anabeba mzigo na mimi ndiye nacheka. Sirudii.

Lakini ile kopo ya margarine bado iko kwa shelf. Sijaitupa. Nataka kujua kilichomo.

So wakuu, kama kuna mtu hapa anafanya kazi mahali kuna microscope ya electron, hata kama ni kufagia tu, aniambie wanafunguanga saa ngapi. Wengine mnaweza kunitukana hapo chini, nimezoea. Madam amesema mwaka ujao naruhusiwa kuandika tena NIMETENGENEZA, ila nikiandika, atakuja na miwani yake kuangalia mwenyewe.