Chumvi Kwenye Boneti

Nianze na hili ili tusisumbuane huko mbele: ile landrova sikuiiba. Wapo hadi leo, hapa Nchelenge na kule Kabuta, wanaosema kwamba mjane wa ng'ambo aliwapora wenye ukoo mali yao. Waseme. Uwanja ulijaa watu siku ile na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kunizuia.

Mimi ni mtu wa upande wa pili wa ziwa, upande wa Kongo. Mume wangu alinioa huko alipokuwa akifanya kazi katika karakana ya malori, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili cha huko siku zote, hata baada ya kunileta kwao Nchelenge, ambako watu wanapikia na kugombania kwa Kibemba. Alirudi kwao na mke na sanduku la spana. Baadaye, miaka ile Shirikisho la wakoloni likiwa bado changa, akapata landrova kuukuu ambayo mpima ardhi mmoja wa Kizungu alikuwa ameichoka. Ilikuwa ya kijani pale ambapo rangi ilibaki. Tukaanza kubebea samaki, kutoka mitumbwini Kabuta hadi sokoni Mwansabombwe, na mara mojamoja Mununga, njia ikikubali.

Hakunifundisha ufundi. Sitaki kumpa sifa ambayo hakuitafuta. Alikuwa mtu wa kuzungumza peke yake akiwa kazini, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nikimpa spana. Kila Jumapili baada ya kanisa alifungua boneti akaanza kujiuliza na kujijibu. Taa zinawaka? Zinawaka. Ukibonyeza stata zinazimika? Zinazimika. Basi moto upo, njia ndiyo imeziba. Nilisikia maneno hayo miaka sita, mikono yangu ikiwa imejaa misumari na nati, na masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine.

Jambo lililomtoa moshi kichwani lilikuwa vikapu. Tairi la akiba lilifungwa juu ya boneti, na shimo lake la katikati lilitosha kikapu cha samaki wa chumvi kama limepimwa. Kila ndugu aliyepanda gari alitaka kikapu chake kikae pale. Sababu yao ilikuwa moja: akikaa kiti cha mbele anakiona kikapu chake njia nzima kupitia kioo, na hakuna mwizi wa kukigusa. Nyuma walipanda watu wasio ndugu. Mpwa wa mume wangu, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote kwa mchezo huo. Alikuja kila mwezi na kikapu kinachochuruzika, akakipachika juu ya boneti mwenyewe, akakaa mbele akikitazama kama mtu anayetazama mchumba. Mume wangu alinung'unika, lakini huyo ndiye aliyekuwa mrithi wake kwa desturi ya kwao, na mrithi haambiwi hapana. Jumapili alisugua vyuma vya chini ya boneti, akatukana taratibu, akafunga boneti.

Kisha akafa. Homa ya siku nne. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku hizo nne.

Wakati wa matanga mpwa alichukua funguo bila kuniuliza. Majuma mawili alikwenda Kabuta na kurudi, akiwaletea waombolezaji samaki wa chumvi, na vikapu vilikaa palepale juu ya boneti. Halafu gari likaegeshwa kando ya nyumba mpaka ifike siku ya kugawa urithi.

Siku hiyo ilipofika, mjomba wa mume wangu, mzee aliyeshika ukoo wao, aliniita mbele ya watu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

“Mukamwana,” akaniita, yaani mke wa mwana wao, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu, “motokari ni kama buta. Buta ya mwanaume inaenda kwa mwanaume. Weye utabakia na nyungu zako, na batoto ni ba kwenu.”

Buta ni upinde. Na aliposema watoto ni wa kwetu hakuwa akinitukana. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo binti zangu wawili hawakuhusika na mali ya baba yao hata kidogo. Nilikuwa nibaki na vyungu, watoto wawili na ziwa la kuvuka kurudi kwetu, ambako wazazi wangu hawakuwepo tena. Gari ndilo lililotulisha. Nilisimama pale nikiwa nimenyolewa kichwa, kitambaa cha msiba kiunoni, na nilikuwa na hasira ambayo msiba haukuipunguza.

Mpwa akapanda kuchukua urithi wake. Akabonyeza stata. Gari likatoa mlio mmoja, tik, likanyamaza.

Siku tatu walihangaika nalo. Wakazungusha hendeli mpaka ikarudi kwa nguvu ikamtegua mpwa kifundo cha mkono. Wakalisukuma mchangani mpaka magurudumu yakazama. Wakamleta fundi kutoka Mwansabombwe kwa baiskeli, na huyo akasema betri limekufa. Likaazimwa betri lingine, zima kabisa, na gari likasema tik. Fundi akasema ni stata. Akaifungua, akaitandaza juu ya gunia, akairudisha akiwa amebakiwa na nati moja aliyoitia mfukoni haraka akidhani sikuiona. Tik. Siku ya tatu akatangaza kwamba injini yenyewe imekwisha.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Niliziona taa kila walipobonyeza: zilikuwa zinawaka hafifu, kisha zinazimika kabisa. Nilijua tangu siku ya kwanza ugonjwa uko upande gani. Wengine watasema nilikuwa na roho mbaya kunyamaza. Nilikuwa nayo. Walikuwa wameninyang'anya gari, sikuona kwa nini niwape na dawa.

Ni yule mzee aliyenifungulia mlango, bila kukusudia. Alichoka na kelele, akapunga mkono mbele ya wote.

“Hii kintu ilikufa pamoja na mwenyewe,” akasema. “Mutu mwenye ataweza kuiamusha, aikamate tu. Miye nimechoka.”

Niliweka ungo chini. Nikaingia ndani, nikatoka na panga la kukatia kuni.

Watu wakarudi nyuma, na siwalaumu. Mjane mwenye panga ni habari nzito. Mpwa alikuwa ameegemea madigadi, mkono wake umefungwa kitambaa, akacheka kidogo akaniambia, “Mama, hii haiko nyungu ya bukari.” Bukari ni ugali wa kwetu. Nilimwambia fundi apande, na nikimwambia bonyeza, abonyeze. Alitazama panga, akapanda.

Betri lina njia mbili. Moja inapeleka moto kwenye stata, na nyingine ni waya mnene unaofungwa kwenye chuma cha gari ili moto urudi. Mume wangu aliuita masi, kama walivyouita karakanani. Njia ya kurudi ikiziba, hata betri liwe jipya namna gani, ni kazi bure. Nililaza panga, ncha yake kwenye kichwa cha betri unakoanzia masi, na tumbo lake kwenye chuma cha injini. Nikamwambia fundi abonyeze.

Cheche zikaruka, na injini ikazunguka. Ilizunguka kwa nguvu, kama siku zote. Nikaondoa panga, nikasema abonyeze tena. Tik. Nikalirudisha. Ikazunguka. Nilifanya hivyo mara tatu ingawa mara moja ilitosha, maana nilitaka kila mtu aone, na zaidi ya wote yule fundi mwenye nati mfukoni.

Kisha nikachukua spana ya mume wangu, nikafungua bolti inayoubana masi chini kule, palepale chini ya ukingo wa boneti, ambako maji yake hudondokea. Ilitoka imevaa unga mweupe wenye ukijani, mnene kama ukoko wa ugali. Niliugusa kwa ulimi kama alivyokuwa akifanya yeye, nikatema. Nikamletea mpwa ile bolti mpaka puani.

“Lamba,” nikamwambia.

Alimtazama mzee. Mzee hakumsaidia. Akalamba, akakunja uso.

“Hii chumvi ni ya nani?”

Hakuna aliyehitaji kujibiwa, kwa kuwa tairi la akiba lilikuwa bado na magamba ya samaki wake. Minong'ono ikaanza upande wa wanawake, halafu kicheko, na kicheko hicho nilikifurahia kuliko rambirambi zote nilizopewa mwezi ule.

Nilisugua bolti kwa mchanga wa ufukweni, nikakwangua ncha ya waya kwa kisu mpaka shaba ikang'aa, nikasugua na chuma chenyewe. Nikapaka grisi niliyoichota kwenye kofia ya gurudumu, nikakaza. Nilimnyooshea fundi kiganja. Akaitoa ile nati mfukoni akanipa, nami nikairudisha mahali pake. Nikamshusha, nikakaa mimi. Nikabonyeza mara moja tu, landrova ikanguruma.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, sitaficha. Niliyajua maradhi yote ya lile gari, lakini usukani nilikuwa nimeushika mara mbili tu, tukisukumwa kutoka matopeni. Mpwa aliliona hilo usoni mwangu, akaanza kumwambia mzee kwamba mwanamke hataliendesha, kwa hiyo limerudi kwake.

“Nilisema mbele ya batu,” mzee akamkata.

Nikawaita binti zangu wakapanda. Niliingiza gia ya kwanza kwa kelele mbaya na nikaondoka nayo hiyohiyo, watu wakipisha. Ya pili ilikuwa wapi sikujua, na sikuthubutu kuitafuta. Nilikwenda hadi Kabuta kwa gia ya kwanza, baiskeli za samaki zikitupita, injini ikilia na mimi nikilia. Nilimlilia mume wangu kwa sauti, kwa kuwa ndani ya kelele ile hakuna aliyenisikia, na kwa kuwa kila mlio uliotoka kwenye lile gari nilimsikia akiulizia sababu yake na kujijibu. Kabuta wanawake waliokuwa wakingoja mitumbwi wakanitazama, wakatazama kiti cha dereva tena, kisha mmoja akaleta kikapu chake akauliza kama naenda Mwansabombwe. Nikamwambia ndiyo, nikimaliza kujifunza gia.

Mpwa alikaa msimu mzima wa mvua bila kutusemesha. Njia zilipokauka, asubuhi moja alisimama kando ya barabara, kikapu mkononi kikichuruzika, akanipungia. Nilisimama. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto. Kisha, kwa mazoea tu nadhani, akakinyanyua kikapu juu ya boneti.

Nikazima injini.

Tulitazamana kupitia kioo, kikapu kikiwa hewani kati yetu. Maji ya chumvi yalimchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Alikishusha polepole, akazunguka nyuma akapanda, akakaa na wasio ndugu, kikapu chake mapajani. Nikabonyeza stata, ikashika palepale.

Mpaka Mwansabombwe mbele yangu hapakuwa na kitu ila barabara.