Mshipi Kwenye Meno ya Maalim Famau

Maalim Famau wa Chundwa alikuwa mkali wa herufi za Kurani. Mtoto aliyeisoma thaa kama sini alirudishwa mwanzo wa sura, na wazazi walimsifu kwa hilo. Lakini kinywa kilichomlisha alikitendea kama jamvi kuukuu, na mkewe, Mwanamkisi, alikuwa amechoka kutazama.

Mwezi wa Ramadhani, baada ya daku, watu wa kwao huchokoa meno wasije wakameza masalio alfajiri ikiisha kuingia. Ada njema. Maalim aliitimiza kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki aina ya changu, kwa kuwa uzi wa pamba ulimkatikia. Aliuvuta huku na huku kama apasuaye mbao, akatema damu, akasukutua, akaenda msikitini. Kufikia kumi la pili la mwezi ufizi wa mbele ulikuwa umevimba na jino la juu linacheza.

Mwanamkisi alikuwa amefundishwa na Jerioth, muuguzi wa bara aliyekuja kupima watoto. Uzi wa pamba upakwe nta, uzungushwe vidoleni, uingizwe taratibu, ukumbatie ubavu wa jino, upande na kushuka. Ukihamia mwanya mwingine, tumia kipande kisichotumika. Alimweleza mumewe yote hayo, akajibiwa kwamba mwanamke wa bara hana la kumfunza Mwislamu kuhusu usafi.

Jibu hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Dini iliyoamuru usafi haikumwamuru mtu kiburi, na ajuaye hukumu ya tendo akalifanya ovyo hana udhuru.

Siku moja watoto walicheka chuoni, wakati wa somo la Kurani. Ulimi wa mwalimu ulikuwa umelikwepa jino bovu, na thaa ikatoka upepo mtupu. Alirudi nyumbani, akafuturu kwa uji tu.

"Jino hili likitoka, chuo watampa yule mwalimu mwingine, Wazir," akamwambia Mwanamkisi.

"Na wampe. Watoto wa watu unawachapa kwa herufi moja, nawe huwezi kukaa kitako ukasafisha kinywa chako."

Maalim alitazama chini. "Haya, nionyeshe ndia yake, uzi huo hushikwa vipi."

Mwanamkisi aliutia mshipi jikoni ukanywea motoni, akakata uzi, akausugua nta.

"Leo mikono yangu, Maalim. Kesho yako. Nikikuona tena unakereza kama msumeno, Wazir nitamwita mwenyewe."

Maalim akafungua kinywa. Uzi ulitoka na damu, wala Mwanamkisi hakumpa pole.