Siku Niliyombishia Mama Mkwe kwa Kiingereza

Shule niliishia darasa la tatu, na hata huko walinifikisha kwa huruma. Lakini Bagamoyo nzima hakuna aliyejua samaki kunizidi. Ilipofunguliwa hoteli ya watalii upande wa Dar, ikatafuta wa kuiletea samaki kila asubuhi, nilijua kazi ni yangu. Tatizo mkuu wa jiko, Mzungu asiyejua Kiswahili hata salamu. "Atalalamika tu," mfagiaji wa pale alinionya. "Ukimkalia kimya, anakufukuza."

Nikajiandikisha Kiingereza cha watu wazima mtaani Dunda, baada ya alasiri. Mwalimu, dada wa bara, hakutaka tukariri. Alitaka tuzungumze: wewe daktari, yule mgonjwa. Wiki ya kwanza niliugua mara tatu nikiwa mzima kama ng'ombe.

Zikiwa zimebaki siku mbili niende hotelini, nikamwomba tuigize muuza samaki na mteja mkorofi. Akafurahi, akanyoosha chaki kuelekea nyuma ya darasa. "Mama yule awe mteja."

Mama yule alikuwa mama wa mke wangu, naye mwanafunzi pale, ila tulikaa mbalimbali. Kwetu mtu na mkwewe hupishana wameinamisha macho, sembuse kubishana!

"Mwalimu, huyo mkwe wangu."

"Hapa hakuna mkwe. Kuna mteja."

Mama mkwe akajitanda kanga, akaanza. Kwa Kiswahili hajawahi kunipa zaidi ya marahaba. Kwa Kiingereza akasema samaki wangu wananuka. Nikainama, nikaomba radhi. Akasema mizani yangu ya wizi. Radhi tena. Akasema nina tumbo kubwa na akili ndogo. Madawati yakagongwa.

"Jibu, bwana!" akapayuka mwanafunzi mwenzetu, fundi cherehani. "Au hotelini twende sisi?"

Nikaiona kazi inaniponyoka. Nikainua uso, nikamtazama mkwe wangu machoni kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikamwambia samaki wamevuliwa alfajiri, kinachonuka ni pua yake, asiyetaka apishe wenzake.

 Kisha nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika ndani ya kanga. Anacheka!

Hata hivyo, mila haijui masomo. Jioni ileile nilimpelekea doti ya kanga kumtaka radhi. Akaipokea bila kunitazama.

Jumamosi hotelini Mzungu akamnusa samaki wangu mmoja, changu, akafoka. Nikamwacha amalize. Nikamjibu neno kwa neno, habari za pua tu nikaziruka. Nilimlisha samaki miaka sita.