Mia na Kumi na Mbili

Katika harusi ya Josefina, kigangoni kwetu Pito, kwaya ilimwimbia bibi harusi wimbo wa mazishi.

Ubeti mzima, pamoja na kiitikio. Waumini walisimama wakaitikia, kwa sababu vitabu vilikuwa vipya na kila mtu alitaka aonekane anacho.

Bibi yake Josefina aliangua kilio. Bwana harusi akatazama viatu vyake.

Namba ya wimbo, mia na kumi na mbili, ilitajwa na Mzee Isdori, mwalimu wa kwaya kwa miaka thelathini na minane. Hata kabla wali haujapakuliwa, uamuzi ulikuwa umepita: mzee kichwa kimechoka, apumzishwe. Kamati ingekutana Jumapili ya wiki iliyofuata.

Mimi nilikwisha kumjua mkosaji. Fahadi.

Fahadi ana duka la vifaa vya ofisi mjini Sumbawanga, na ndiye aliyepewa kwanza kazi ya kukipanga upya kitabu chetu cha nyimbo. Aliniletea sampuli aliyoipanga kwa programu ya kuburuta vitu kwa kipanya: waridi kila pembe, njiwa wawili juu ya Kyrie, herufi za aina tisa katika ukurasa mmoja.

Nilipata kinyaa kile cha kukuta unywele ndani ya ugali.

Tena namba zilifika thelathini na tisa, zikarukia arobaini na moja.

"Fahadi, hata kuhesabu kunakushinda?"

"Mwalimu, ule wa arobaini si padri kautoa? Kasema umejirudia huko mbele. Nimeacha pengo."

"Pengo kitabuni ni uvivu."

"Haya. Msomi ni wewe."

Nikamnyang'anya kazi. Nafundisha hisabati, nami hutumia mfumo wa alama: unaandika maandishi matupu, kila kipande unakiwekea alama kwamba huu ni wimbo, huu ni ubeti, hiki ni kiitikio. Kurasa na namba kompyuta inazipanga yenyewe. Fahadi alibakiwa na kuchapa tu.

Kwa hiyo nilikuwa na hakika kwamba alilifungua faili langu achomeke njiwa, nyimbo zikahama.

Jumatatu nikamfuata dukani.

"Mwalimu, nimechapa ulichonipa," alisema. "Kitabu cha zamani hicho hapo. Linganisha mwenyewe."

Nikalinganisha.

Katika kitabu cha zamani, mia na kumi na mbili ni wimbo wa mwisho wa ndoa. Mia na kumi na tatu ni wa kwanza wa mazishi. Nilipoufuta ule wa arobaini, mfumo wangu ulizivuta nyimbo zote zilizofuata nafasi moja nyuma, kimya kimya, kwa usahihi kamili.

"Wewe ulijuaje kwamba pengo liachwe?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza Mzee Isdori, alipopita hapa kununua daftari. Akaniambia watu wa Pito nyimbo zao hawazijui kwa majina. Wanazijua kwa namba."

Fahadi huswali msikitini. Mimi nimeimba sauti ya tatu chini ya mzee yule miaka kumi na mmoja, na sikuuliza.

Kinyaa kilinirudia, na safari hii hapakuwa na njiwa wa kumsingizia.

Jumapili nikasimama mbele ya kamati. "Namba aliyoitaja mzee ni sahihi. Kitabu ndicho kibovu, na kitabu ni changu."

"Kumbe kompyuta ya Mwalimu nayo inakosea," akasema Leonsi, mwenyekiti, aliyekuwa wa kwanza kutaka mzee apumzishwe.

"Haikukosea. Ilifanya nilichoiagiza."

Mzee Isdori alibaki na kwaya yake. Nilimfuata nje nikamwamkia.

"Marahaba. Kwa Josefina umekwenda?"

Sikuwa nimekwenda. Nikaenda.

Bado natumia mfumo wa alama, na waridi za Fahadi bado zinanichefua. Ila toleo la pili lina pengo kwenye arobaini, nililoliweka kwa mkono wangu.

"Hapo pangekaa njiwa, Mwalimu," Fahadi alisema akilichapa.

Kabla ya kubishana ni chombo gani kipange kitabu cha watu, kawaulize kwanza wenyewe wanakitumiaje. Swali hilo lingenichukua dakika moja. Sikuliuliza, na bibi wa watu akalia harusini.