Shali Lililofumuliwa

Aliyetaka kumkasirisha Mashoto hakuhitaji kumtukana. Ilitosha asimame mlangoni, akohoe kwa adabu, kisha aulize: "Hodi! Wifi yako yupo?"

Jina la Mashoto alibandikwa utotoni kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, akazeeka nalo kama mtu azeekavyo na kovu. Mkono huo ulikuwa umekemewa na kila mwenye mdomo, kuanzia mama yake mzazi hadi wapita njia, ukajifunza kujificha nyuma ya mwenzake kila wageni walipoingia. Mahali pamoja tu haukuwahi kuomba radhi: kwenye kiti cha mbao kilichokaa kando ya dirisha la sebuleni, ambacho mwenyewe alikigeuza makusudi ili mwanga umjie kutoka kulia na kivuli cha mkono kisiiangukie kazi. Katika kiti hicho alifuma kwa kulabu zaidi ya nusu ya umri wake: kofia za watoto wachanga, vibeti vya mikononi, sweta za shule, vitambaa vya makochi, maua madogo ya kubania nywele. Aliyeoa, aliyejifungua, aliyehamia nyumba mpya, jamaa zake walipita kwanza kwa Mashoto kutafuta zawadi. Mumewe, fundi saa mwenye meza yake barazani, alipenda kusema kwamba nyumba ile haikuwa na ugomvi kwa kuwa wenyewe wote wawili walishinda wameinamisha vichwa, na wasioonana hawagombani.

Kisha akaja wifi.

Alikuja na sanduku moja, ndoo ya vitana na kioo kirefu kilichofungwa kwa shuka. Alikuwa dada mdogo wa fundi saa, msusi kwa kazi, mjane asiyejaliwa mtoto. Jengo alilokuwa amepanga chumba cha kusukia liliuzwa, mwenye kununua akataka wote watoke, na kaka mtu akasema chumba cha uani kipo, karibu nyumbani. Mashoto alimpokea kwa moyo mweupe. Tatizo lilikuwa mdomo. Wifi alizungumza akiamka, akipiga mswaki, hata akipokea habari za msiba. Mashoto akawaza kwamba mikono yake ikishughulishwa huenda mdomo ukapumzika, akampa kulabu ya akiba na kidonge cha uzi.

Hapo ndipo ilipoonekana shida ambayo mafundi wengine hawaijui. Mwalimu alikuwa wa kushoto, mwanafunzi wa kulia. Walipokaa bega kwa bega, kila alichofanya mmoja kilikuwa kinyume kwa mwenziwe.

"Njoo ukae mbele yangu," Mashoto alisema mwishowe, "unitazame kama unavyojitazama kwenye kile kioo chako."

"Nikijitazama kwenye kioo najiona mrembo, wifi. Hapa namwona mtu amekunja uso."

Lakini alikaa, akatazama, akaelewa. Mkono uliozoea kusuka nywele za watu wasiotulia hauwezi kushindwa na uzi uliotulia. Mvua za mwaka ule hazijakatika, wifi alikuwa amekwisha kuyajua yote aliyofundishwa na alikuwa akibuni ambayo hakufundishwa. Alifuma upesi, alifuma kwa ulegevu mzuri uliofanya kitambaa kianguke kama maji, na alifuma huku akiongea, jambo ambalo Mashoto hakuliweza maishani. Wateja waliokuja kusukwa uani waliondoka na kofia. Waliokuja kwa kofia walibaki kusikiliza porojo. Mdomo haukupumzika hata kidogo; ulipata kazi ya pili, ya kuuza.

Wivu wa Mashoto haukuwa wa kelele. Ulikaa katika vitu vidogo. Aliona kwamba wageni walianza kugeuza viti vyao kuelekea upande wa wifi. Aliona kwamba hakuna aliyeuliza wifi alifundishwa na nani. Siku moja mteja mgeni, mke wa mwuza mbao, alilishika begi lililofumwa na wifi akaligeuza huku na huku, kisha akamgeukia Mashoto kwa ukarimu wa mtu asiyejua alikanyagalo.

"Wifi yako ana mkono jamani! Na wewe mama, huwa unafuma fuma?"

"Najaribu," Mashoto alijibu, na jibu hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki hadi jioni.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye alijiona mwenyeji aliyeugua tangu mgeni alipotua sanduku. Na husemwa pia kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe, alijiambia kwa uchungu, alikuwa ameifuma kwa mkono wake.

Yote hayo angeyameza, kama alivyomeza mengine, lau si habari ya shali.

Mashoto na fundi saa walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeuza katika duka la dawa na kuolewa mitaa kadhaa kutoka pale. Binti alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza, na kila siku yake ya mapumziko alikuja kwao kunyoosha miguu iliyovimba. Alasiri moja Mashoto alikuwa akitoka jikoni na sinia ya chai alipomsikia mwanawe sebuleni, kwa sauti ile ya kudeka ambayo watoto hawaiachi hata wakizeeka.

"Shangazi, nina ombi."

"Sema mwanangu, ila kama ni mkopo, nimeshalala."

"Nataka unifumie shali la kumpokelea mtoto. Rangi ya maziwa, lile la mawimbi."

"La mawimbi tu? Nisikutilie na maua?"

"Maua yatamkwaruza shavu."

"Haya. Mtoto hajazaliwa, shavu lake lishaanza madai."

Walicheka wote wawili. Mashoto alisimama ukumbini na sinia yake. Yeye mwenyewe alipokewa duniani kwa shali la mama yake. Binti huyu aliyekuwa akicheka alipokewa kwa shali lililofumwa na mkono huu huu wa kushoto, nalo lilikuwa bado limekunjwa sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo. Tangu aliposikia habari ya mimba alikuwa akingojea kuombwa la tatu. Alikwisha kuuchagua hata uzi. Chai ilipofika mezani ilikuwa imepoa, na safari ya kutoka jikoni haikuwa ndefu.

Aliapa moyoni kwamba hatashika kulabu kwa ajili ya mjukuu huyo mpaka aombwe. Ataniomba, alijiambia. Akiisha kuona mawimbi ya shangazi yake yamelegea mno, atakuja mwenyewe. Binti alikuja, akala, akalala kochini, akaenda zake. Hakuomba. Na mawimbi hayakulegea. Shali lilikua mapajani mwa wifi, katika sebule ile ile, mbele ya kiti kile kile, jeupe, jepesi, lenye mikunjo iliyofuatana kwa utulivu ambao mwenye kulifuma hakuwa nao hata chembe. Mashoto alifuma kofia za wengine huku akilitazama kwa pembe ya jicho. Alitafuta kosa. Fundi akitafuta kosa la fundi mwenziwe kwa bidii kiasi hicho, asipolipata huugua.

Alilipata siku ambayo wifi aliitwa kwenda kumsuka bibi harusi nyumbani kwao. Shali lilikuwa limeachwa juu ya kochi, limebakiza sehemu ndogo tu. Mashoto alilitandaza gotini, akapitisha kidole ukingoni taratibu, na juu kidogo ya katikati kidole kikaingia katika pengo. Wifi, bila shaka katikati ya porojo tamu, alikuwa ameruka tanzi moja. Wimbi moja lilikuwa na mgongo mfupi kuliko wenzake. Asiyefuma asingeliona hadi kiama.

"Mwalimu mwema husahihisha," Mashoto alisema kwa sauti, ijapokuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Kazi ya kulabu, tofauti na kitambaa cha kiwandani, yote hushikiliwa na tanzi moja la mwisho. Mwenye kulichomoa hilo akauvuta uzi ana mamlaka juu ya jasho lote lililotangulia. Mashoto alichomoa, akavuta. Safu ya kwanza ilitoka kwa mlio mdogo wa kupendeza, tiki tiki tiki, kama mahindi yanayopukuchuliwa. Akavuta tena. Alifika penye kosa, kosa likatoweka. Hapo ndipo mwalimu mwema angesimama. Mkono wake haukusimama. Alivuta safu zisizokuwa na kosa lolote, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alihisi kifua chake kikipata nafasi, hadi nusu ya shali ikawa rundo la uzi uliojikunjakunja mapajani mwake kama tambi.

Fundi saa aliingia kutafuta miwani yake. Alisimama, akatazama rundo, akamtazama mkewe.

"Mama, unatengeneza au unabomoa?"

"Narekebisha."

"Hata mimi wateja huwaambia hivyo, saa zao zikinishinda." Akaichukua miwani akarudi barazani, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye hekima.

Ndipo hofu ilipomwingia. Alishika kulabu, akaanza kufuma upya ili arudishe kila kitu kabla wifi hajarudi. Akafanya kosa ambalo lingeweza kutokea kati yake na wifi tu. Mkono wa kulia hufuma ukielekea kushoto, na wa kushoto hufuma ukielekea kulia. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuendeleza kazi ya mwenzake. Safu yake ya kwanza iliangalia upande ambao haukupaswa, ikaacha mstari mzima ulioinuka kama mshono wa jeraha. Juu ya mstari huo mawimbi yaliinamia kinyume na ya chini. Uzi ule uliokwisha kufumwa mara moja ulikuwa na mikunjo yake, ukakataa kulala. Na mkono wake, ambao siku zote ulikaza, siku hiyo ulikaza kwa hasira juu ya mazoea. Kadiri alivyofuma ndivyo shali lilivyozidi kuwa jembamba.

Wifi alirudi jioni akinukia mafuta ya nywele, akiwa na habari za mama wa bibi harusi tayari mdomoni. Habari hizo hazikutoka. Aliliinua shali kwa ncha mbili, akalishikilia mbele ya dirisha.

"Wifi," alisema polepole, "hili shali limeota kiuno."

Mashoto alitazama sakafu. "Uliruka tanzi."

"Nilijua. Niliacha. Ni kosa la ukubwa wa mchele, ukafumua gunia zima?" Na kwa mara ya kwanza tangu alipoingia katika nyumba ile, alizungumza kwa maneno machache. "Unaona wivu."

"Wa nini? Nimekufundisha mimi."

"Wa mwanao. Sikiliza nikuambie, wifi. Wewe unaitwa mama hata usipofuma kofia. Mimi mpaka nifume ndipo nikumbukwe kwamba nipo. Usidhani ni wewe peke yako unayelala na jiwe kifuani humu ndani."

Pengine wangesema mengine, mazuri au mabaya zaidi, lakini mlango ulisukumwa na binti akaingia akishika kiuno, amepita kutoka kazini. Aliliona shali mikononi mwa shangazi yake. Aliugusa mstari ulioinuka. Hakufuma, lakini alikuwa amekulia chini ya kiti cha dirishani, na mkono wa mama yake aliujua kama anavyoujua mwandiko wake.

"Mama, hapa umefuma wewe. Na la kwako liko wapi?"

"Lipi?"

"Shali lako. La mtoto. Si umelificha chumbani unishtukize nalo?"

"Hukuniomba."

"Nikuombe?" Binti alimtazama kama mtu aliyeambiwa aombe ruhusa ya kupumua. "Mama, tangu lini nikakuomba? Uliniomba ruhusa siku gani ya kunikemea? Shangazi ndiye wa kuombwa. Wewe nakungoja tu."

Barazani saa za wateja zilisikika zikibishana, kila moja na wakati wake. Mashoto alikaa kwenye kiti chake, na mkono wa kushoto, uliokuwa umebaki na kulabu, ulijificha nyuma ya ule wa kulia kama zamani.

Wifi ndiye aliyeingiza kidole katika tanzi la mwisho. "Basi nifumue hii sehemu, nianze upya."

"Usifumue," binti alisema. "Sina muda, na mtoto hana kiuno. Atatosha humo humo. Malizeni."

Wakalimaliza, mmoja akifuma na mwenzake akisubiri, wakinyang'anyana kulabu na kurushiana vijembe juu ya nani anakaza na nani analegeza. Msichana aliyezaliwa alipokewa kwa shali lile: pana chini, limebanwa katikati, pana tena juu, mawimbi yakiinamia huku na kisha kule. Wageni walipouliza limefumwa na nani, Mashoto na wifi walijibu kwa pamoja, "Sisi," na kila mmoja alilitamka neno hilo kama aliyeng'olewa jino.

Shali jipya kabisa la Mashoto lilikuja baadaye, zuri, lisilo na dosari. Binti alilisifu kwa dhati na kuliweka kabatini kwa ajili ya siku za baridi. Lililotumika kila siku ni lile la kiuno.

Na fundi saa, ambaye kazi yake ilikuwa kuona vitu vidogo, aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Kila mkewe alipompakata mtoto, shali lilikunjwa hivi kwamba sehemu ya mkono wa kushoto ndiyo iliyokaa juu, karibu na uso, na ile nyingine ikafichwa chini. Dada yake alipopokea zamu alimbusu mtoto, akamsemesha, akamlaza gotini, na kabla ya lolote lingine akalifungua shali na kulikunja upya, upande wa pili.