Mstari wa Edith Ukumbini

Edith Nyanchama, Mkisii wa Borabu kule Kenya, hana sauti ya wasiwasi. Siku alipopewa ukumbi wa hoteli yetu hapa Lusail, Qatar, ausimamie kwa majaribio, alituambia: "Leo nikifaulu, mimi ndiye msimamizi. Na nitafaulu."

Wageni walikuwa wajumbe wa Estonia na Latvia, majirani huko Ulaya. Misitu yao imeshikana mpakani, na moto ukizuka hausubiri pasipoti. Walikuja kukubaliana kikosi cha nani kitavuka kuuzima, na kwa amri ya nani. Kiingereza chao kilikuwa cha polepole. Hata mimi mlinzi nilikielewa pale mlangoni. Asubuhi nzima walivutana kuhusu ruhusa.

Edith aliugawa ukumbi katikati. Kushoto ahudumu yeye, kulia mhudumu mwenzake Jebet, Mkipsigis wa Sotik, inayopakana na Borabu, ambako pande hizo mbili zimeshutumiana wizi wa ng'ombe miaka mingi.

"We Jebet, usivuke. Nyinyi mkivuka, ng'ombe wetu wanapotea."

"Wale waliokonda? Kaa nao, dada."

Wakati wa chakula cha mchana, Edith akiwa jikoni, kitambaa cha meza upande wake kilishika moto kutoka kwa kile kimoto kidogo kinachopasha sinia. Jebet alikuwa hatua chache tu, lakini alisimama palepale.

"Edith!" aliita. "Edith, kuja!"

Moto ukapanda. Ndipo Jebet akavuka, akaufunika kwa mfuniko wa sinia. Ukazimika, ukaacha tundu jeusi.

Meneja akafika amekunja uso. "Kwa nini umechelewa?"

Jebet akainama. Edith, aliyetoka jikoni mbio, akamjibia: "Alingoja ruhusa yangu, bosi. Mpango ni wangu, kosa ni langu. Nipe ukumbi tena kesho. Hautakuwa na mstari."

Meneja akawageukia wageni kuwaomba radhi.

Mjumbe mzee wa Latvia, ambaye asubuhi hakutaka kusikia habari ya kuvuka bila kibali, aliliangalia lile tundu kwa muda mrefu. "Alikuwa hapo tu," alimwambia mwenzake wa Estonia. "Na bado alingoja."

"Na huu si msitu," mama yule wa Estonia akasema.

Jioni walikubaliana: kikosi kilicho karibu kivuke kwanza, na kitoe taarifa kikiwa njiani. Walishikana mikono, na meneja akapiga makofi kuliko wote. Kisha akamwita Edith.

"Kesho ukumbi ni wako. Na kesho kutwa pia."

Edith hakushangaa. Alimtafuta Jebet jikoni.

"Kesho vuka utakavyo. Ila ng'ombe, uwaache."