Karatasi Nane za Wino Mwekundu

Nashona huku nasikiliza mauaji. Ndivyo mume wangu anavyowaambia wageni, na hakosei. Simu naiegemeza kwenye kopo la vifungo, nafungulia kipindi cha mtangazaji mmoja mwenye sauti nzito anayesimulia visa vya kweli vya watu waliouawa, kisha nakanyaga cherehani mpaka kipindi kiishe. Nusu ya sare za shule hapa Magamba nimezishona nikisikia jinsi mwanamke wa nchi ya mbali alivyowekewa sumu kwenye uji. Wateja walinizoea. Waliniita Afande, na sitaficha, nilipenda.

Nilichopenda zaidi ni zile dakika za mwisho, muuaji anapotajwa, ukute ni yule yule niliyemshuku mwanzoni. Nilikuwa nasimamisha cherehani, namgeukia aliyekuwepo, namwambia, "Si nilisema?" Nilijiona nina jicho ambalo wenzangu hawana. Shule niliishia darasa la saba, lakini upelelezi nilidhani nimezaliwa nao.

Halafu akauawa mtu wa kwetu.

Alikuwa mjane aliyeuza mchicha. Kila asubuhi alipita mbele ya kibanda changu na baiskeli yake ya kijani, mzigo nyuma, akielekea mjini. Siku ya mwisho kumwona alipita kwa miguu, beseni kichwani. Nikamtania, "Leo umerudia usichana?" Akanijibu kitu huku anacheka. Sikumsikiliza vizuri, kipindi kilikuwa kimefika pazuri. Kesho yake hakupita, na keshokutwa yake wakamkuta amekufa bustanini kwake, kule bondeni.

Sitasimulia walivyomkuta. Wakati ule nilisimulia, tena kwa kila aliyekuja kupunguza sketi, na wakati naongea gauni la marehemu lilikuwa linaning'inia nyuma yangu, limebakiza pindo tu. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka leo.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Wiki zikapita na hakuna aliyekamatwa. Wanawake wakaacha kwenda shamba peke yao. Watoto tuliwasindikiza shule kama kuna simba njiani. Tulikuwa na hofu ya kweli, na kila aliyekaa kwenye benchi langu aliniuliza swali moja: "Afande, wewe unaona ni nani?"

Nikawaambia ni fundi baiskeli.

Huyu fundi alikuwa na kibanda njia panda, hatua chache kutoka kwangu. Alihamia kwetu miaka minne nyuma, akitokea kwenye makazi ya watu waliokuja zamani kutoka Burundi. Uraia yeye na wazazi wake walishapewa, lakini kwetu mtu anaweza kuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni na bado akaitwa yule Mrundi. Aliishi peke yake. Pombe hanywi. Nguo anafua mwenyewe na kuzianika kwa mpangilio, mashati huku, suruali kule, na mtangazaji wangu alishasema mara nyingi kwamba wauaji wengi ni wasafi mno. Msibani alisimama mbali, nyuma ya migomba, halafu akaondoka. Na kubwa kuliko yote, mara tatu alinisimamisha akaniuliza, "Dada fundi, hivi ndugu zake yule mama ni kina nani? Wanakaa wapi?"

Nilikuwa namjua binti wa marehemu na nyumba anayokaa kule Kawajense. Mara zote tatu nilimjibu sijui. Kisha nikawaambia wateja, "Jamani, mtu asiyehusika anatafuta nini kwa ndugu wa marehemu?" Wakatikisa vichwa. Walisema nimechunguza.

Kwetu jambo la namna hiyo likishindikana tunapiga kura. Siyo kura za uchaguzi. Mwenyekiti wa mtaa anaitisha mkutano uwanja wa shule, kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, anakunja na kutumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwenye kura nyingi anapelekwa polisi kuhojiwa. Akirudi, mkutano wa pili unaamua kama ataendelea kukaa na sisi au afungashe ahame. Wezi wa ng'ombe walishapatikana hivyo. Walishapatikana na wasiokuwa wezi pia, ila hao huwa hatuwazungumzii.

Mwenyekiti akaitisha. Nilikaa kwenye majani pamoja na bibi zetu, na saba kati yao hawajui kuandika. Kazi ya kuwaandikia huwa ni yangu, kwa sababu muda wote natembea na kalamu yangu nyekundu ya kuandikia vipimo. Bibi wa kwanza, jirani yangu, akanipa karatasi yake. Nikamuuliza, "Niandike nani, bibi?"

Akasema, "Andika unayemjua wewe, mwanangu. Si ndiyo mambo unayosikiliza kila siku?"

Nikaandika fundi baiskeli. Wa pili akasema, "Na mimi hivyo hivyo." Wa tatu alinyoosha tu karatasi. Niliandika saba, nikaongeza na yangu ikawa ya nane. Nilijisikia mtu wa maana.

Fundi baiskeli alipata kura kumi na tisa. Aliyemfuata alikuwa na nne, na zile za mojamoja mwenyekiti hakuzisoma. Jina lilipotajwa, fundi alikuwa amesimama na wanaume wengine, spana mfukoni. Aligeuka akaangalia nyuma yake, akitafuta mtu mwingine anayeitwa hivyo.

Polisi walikaa naye siku nne, wakamwachia. Hawakuona kitu. Lakini kura zilikuwa zimeshasomwa, na vijana walikuwa wameshabomoa kibanda chake na kutupa pampu yake mtaroni. Mkutano wa kumhamisha ukapangwa Jumamosi.

Jumatano nikaenda kwake. Ningependa kusema nilienda kwa huruma, lakini nilienda kupeleleza. Nilibeba mkanda wa cherehani uliolegea, eti anisaidie kuukaza, kumbe nataka nione ndani. Alifungua mlango, akanikaribisha kwa adabu, akanipa kigoda. Nikaona baiskeli ya kijani imeegemezwa ukutani. Kiti chake kilikuwa na kifuniko cha kitenge. Nilikijua, nilikishona mimi.

Nikauliza kwa sauti kavu, "Hii umeitoa wapi?"

"Ya yule mama," akasema. "Aliileta siku mbili kabla. Rimu ya nyuma ilipinda, nikawa nasubiri spoki kutoka mjini. Nilipomaliza nikaambiwa amefariki." Akapitisha kitambaa kwenye usukani, ingawa ulikuwa safi. "Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza ndugu zake, dada. Nirudishe mali ya watu. Ukasema huwajui."

Nilikaa pale na mkanda wangu mkononi. Na hapo ndipo yale maneno ya marehemu yaliponirudia, yale ambayo sikuyasikiliza vizuri. Alipita na beseni kichwani, nikamtania, akacheka akasema, "Baiskeli iko kwa fundi." Aliniambia mwenyewe. Nilikuwa nayo masikioni siku zote hizo, mimi mpelelezi, na nilimsikia mtangazaji nikamwacha jirani yangu apite.

Fundi akaendelea. "Sasa nikiitoa nje watasema nimemuua ili niichukue. Nikikaa nayo watasema hivyo hivyo. Jumamosi wakinihamisha, naomba wewe ubaki nayo, umtafutie ndugu yake. Wewe wanakusikiliza."

Nilimwambia, "Huhami." Nilisahau hata mkanda wangu.

Nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu. Alisikiliza, akaweka kikombe chini. "Mama watoto, nyamaza. Kura ni siri. Ukifungua mdomo watakugeukia wewe."

"Wageuke," nikamwambia.

"Na wateja je?"

"Watavaa za dukani."

Alhamisi na Ijumaa sikushona. Nilizunguka kwa wale bibi saba, mmoja mmoja, nikapiga magoti, nikasema nilichofanya na karatasi zao. Mmoja alinifukuza. Mmoja alisema yaliyopita yamepita, nisimsumbue, ana mahindi ya kupukuchua. Bibi jirani akasema, "Mimi nilidhani unajua." Maneno hayo yaliniuma kuliko kufukuzwa. Nikamwambia nataka kwenda kusema mbele ya mkutano, namwomba ruhusa. Akasema, "Kaseme. Nitakaa mbele, ukianza kuzungukazunguka nitakohoa."

Jumamosi uwanja ulijaa. Fundi baiskeli alisimama pembeni na begi lake tayari. Niliomba nafasi kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua mkutano.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba zile karatasi zitolewe tena."

"Mama, kura zilishasomwa. Na kura ni siri."

"Zangu nimezitoa siri. Tafuta zenye wino mwekundu."

Watu wakaanza kunong'ona. Nikaanza kueleza kuhusu kalamu yangu, na vipimo, na jinsi bibi zetu wasivyojua kuandika, mpaka bibi jirani akakohoa. Nikanyoosha maneno. "Ziko nane. Zote nimeandika mimi. Bibi zetu hawakumtaja fundi, nilimtaja mimi, na sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na simu."

Karatasi zilikuwa kwenye bahasha ya kaki mezani. Mwenyekiti akazimwaga, akazitenga. Nyekundu zilikuwa nane, na mwandiko ni mmoja. Nikaeleza habari ya baiskeli na habari ya beseni. Nikasema baiskeli iko kwa fundi kwa sababu aliyeipeleka ni mwenyewe, na mimi aliniambia.

Mzee mmoja akasema, "Bado ana kura kumi na moja za watu wengine." Alikuwa sahihi, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Mama mmoja ambaye huwa namshonea sare za kwaya akainuka, hakuniangalia. "Mimi niliandika kwa sababu Afande alisema amechunguza." Mwingine akainuka, naye hivyo hivyo. Wakainuka watu tisa, na kila mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuja kukiri karatasi nane, kumbe karibu zote zilikuwa zangu.

Mwenyekiti, katika kupekuapekua, akakuta karatasi moja iliyokuwa kwenye zile za mojamoja. Akaisoma kimya, akanitazama, akasita. Nikamwambia asome. Ilikuwa imeandikwa, "Fundi cherehani. Anajua mno mambo ya kuua." Uwanja mzima ukacheka, na mume wangu alicheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba angetokea mtu mmoja tu wa kuwaandikia wenzake saba jina langu, begi tayari lingekuwa la kwangu.

Mkutano ukaamua fundi hahami. Wapo walionuna, na wapo ambao mpaka leo hawapeleki baiskeli kwake. Aliyemuua mama yule hajapatikana. Hilo linaniudhi kila siku, na nimekwenda polisi mara mbili kuuliza wamefikia wapi, na nitakwenda tena. Vijana niliwasimamia mwenyewe wakajenga upya kibanda, ila safari hii kimegusana na changu, ili anayekuja kupimwa gauni ampite fundi kwanza na amsalimie. Kipindi bado nasikiliza, siwezi kudanganya. Lakini mtu akipita njiani nakizima kabla hajaongea.

Jumapili ile, kesho yake baada ya mkutano, tulipotoka ibadani tulikwenda Kawajense, fundi anasukuma baiskeli, mimi nimebeba lile gauni, nimeshalipiga pindo na pasi. Binti wa marehemu alitufungulia mlango. Alilipokea gauni, akalikumbatia, halafu akashika kiti cha baiskeli, akakipapasa kile kitenge. Alilia kidogo, akajifuta.

Akamuuliza fundi, "Umekaa nayo muda wote huu?"

"Nilikuwa naulizia mnapokaa."

"Wiki zote hizi? Ulikuwa unamuuliza nani?"

Fundi akainama. Akaanza kubonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, anapima upepo ambao alishaupima asubuhi. Akabonyeza na la mbele. Nikaelewa kwamba hatasema, hata akisubiriwa mpaka jioni.

"Mimi," nikasema. "Aliniuliza mimi. Mara tatu."